Kiti cha Kufungia

Posa ilifika nyumbani kwa Mzee Masoudi Chilumba, hapa Nachingwea, siku ya Jumamosi saa nne kasorobo asubuhi, ikiwa imevaa suti ya kahawia. Ndani ya suti hiyo alikuwamo Mwalimu Ladislaus, mshenga, mtu aliyefundisha somo la uraia kwa miaka ishirini na sita na ambaye hata chumvi mezani haombi bila kuanza na hotuba fupi. Hatua kumi nyuma yake alikuja mposaji mwenyewe, jambo ambalo desturi hailitaki kabisa, akajificha kwenye banda la nyavu. Zilikuwa nyavu za magoli. Kila mwenye macho alimwona.

"Mama, Imrani amekuja mwenyewe," alinong'ona Zulfa dirishani.

"Nimemwona. Na jirani kamwona. Kuku nao wamemwona." Bi Mwanawetu alimvuta binti yake akae kitandani. "Kwao wapi vile?"

"Kigoma."

"Huko hawafundishwi kukaa nyumbani wakasubiri majibu?"

"Ameshindwa, mama."

"Ameshindwa," mama alirudia, akaficha tabasamu kwenye pindo la kanga.

Chumba hicho kilitenganishwa na sebule kwa pazia tu, na pazia lile lilikuwa limeshasikia siri nyingi za ukoo. Zulfa alisogea karibu nalo. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na asubuhi hiyo alitaka jambo moja tu hapa duniani: baba yake aseme ndiyo.

Sababu ya kusema hapana haikuwapo, angalau iliyojulikana. Mashangazi walikuwa wameandaa pingamizi la dini, wakakuta Imrani ni Mwislamu wa kuamka alfajiri. Wakahamia kwenye kabila, wakakumbushwa kwamba mmoja wao ameolewa na Mnyakyusa na amenenepa. Mwishowe walisema kijana ni mrefu mno, wakaenda zao kupika.

Kilichobaki kilikuwa kiti.

Ukoo wa Chilumba ulitengeneza mipira tangu enzi za babu yake Zulfa. Nyuma ya nyumba, chini ya bati, washonaji kumi na wawili walikaa na mabanio ya mbao katikati ya magoti, kila mmoja na sindano mbili na uzi uliopakwa nta. Mpira wa miguu una vipande thelathini na viwili, na hushonwa ukiwa umegeuzwa ndani nje, kama soksi. Ukishageuzwa na kuwekwa bladda, yaani ile puto ya ndani ya kujaza upepo, hubaki mdomo wa upana wa vidole vitatu. Mdomo huo ndio kazi yenyewe. Sharti ufungwe kutokea nje bila uzi kuonekana nje. Mshono huo hawakufundishwa washonaji. Uliwahusu Chilumba peke yao, nao waliushonea kwenye kiti kimoja kilichokaa kona ya karakana. Babu aliacha kanuni: kiti hicho hukaliwa na mtoto wa kiume, au binti ambaye hajaolewa. Binti akishaolewa haruhusiwi kukikalia tena, mshono usije ukahamia ukoo mwingine.

Kwa miaka saba alikikalia Shaban, kaka yake Zulfa. "Shaban akiwa kitini," baba alimwambia binti yake zamani, "wewe olewa hata Sumbawanga. Kiti kinataka mkono mmoja tu."

Kisha zikaja barua.

Zilianza kwa utani. Mwezi wa kwanza Imrani, mwalimu wa michezo katika shule moja ya sekondari Ruangwa, alikuja kuchukua mipira ya shule, akaona msichana anashona mpira wa pete, akasahau alichotumwa. Aliporudi kwake alianza kuandika meseji. Zulfa alimjibu kwamba meseji hata kampuni ya simu inamwandikia, tena kila siku. Anayependa kweli asome barua. Oda ya Ruangwa iliyofuata, alimwomba Shaban amwachie afunge mpira mmoja. Shaban, ambaye hajawahi kukataa mapumziko tangu azaliwe, alikubali bila kuuliza. Zulfa akaandika kwa kalamu ya wino kwenye kipande cha bitana, akakishonea ndani, akafunga, kisha akamtumia meseji moja ya kumwambia ni mpira upi wa kupasua.

Imrani alinunua wembe. Ndani alikuta maneno haya: "Umeharibu mpira wa watoto wa watu kwa ajili yangu. Sasa itabidi unioe."

Kwa Chilumba, mpira uliofumuka mshono hurudishwa na mwenyewe hupewa mwingine. Imrani akaurudisha, akapewa mwingine, na mwingine nao ulikuwa na barua. Katika miezi sita ilirudi mipira mitano. Mzee Masoudi, ambaye wakati huo macho yake yalikuwa na ukungu, alipapasa mishono kwa vidole akaamua kwamba mkono wa mwanawe umechoka. Mwezi wa nne, baada ya mpira wa tatu, alimwondoa Shaban kitini mbele ya washonaji wote, akampeleka Chiola kwenye mikorosho. Zulfa alikaa kitini badala yake. Alilia siku mbili.

Kisha akaandika barua ya nne.

Sebuleni, Mwalimu Ladislaus alikuwa ameanza.

"Mzee wangu, kwa heshima na taadhima, nianze kwa kuishukuru familia hii kwa mapokezi, ambayo kwa kweli—"

"Mwalimu, kunywa chai kwanza."

"Nitakunywa, mzee. Ila chai ina wakati wake na hoja ina wakati wake."

"Hoja naijua. Chai inapoa." Mlio wa kijiko. "Mwite kijana aingie. Yule aliye kwenye nyavu."

Imrani aliingia ameinamisha kichwa, kwa adabu na kwa sababu ya kizingiti. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kaa hapo."

Kati ya pazia na ukuta palikuwa na mwanya wa vidole viwili. Imrani alipokaa, macho yake yaliupata mwanya ule kabla ya kupata kitu kingine chochote, na ndani ya mwanya akayakuta macho ya Zulfa. Hakutabasamu. Alimtazama tu, kama mtu anayetazama nyumba yake kutokea barabarani baada ya safari ndefu. Miezi saba walikuwa wamepeana maneno mengi na saa chache sana, na sasa mita tatu na kitambaa ndivyo vilivyobaki.

Mzee Masoudi aliinuka, akarudi na kiroba. Akakimimina sakafuni. Mipira mitano iliyonywea ikalala miguuni pa mshenga.

"Unaijua hii?"

"Ni ya shule yetu, baba."

"Mwezi uliopita nilitolewa mtoto wa jicho," alisema mzee. "Kitu cha kwanza nilichotaka kukiona ni uso wa mke wangu."

Nyuma ya pazia Bi Mwanawetu alikohoa.

"Cha pili ni mipira hii. Uzi ukikatika kwa teke, ncha yake hutawanyika kama ufagio. Hii imesuguliwa kwenye saruji ili ifanane na ufagio. Lakini hapa ndani, ambapo saruji haikufika, ncha ni kali. Wembe."

"Mzee, naomba kuchangia," alisema Mwalimu Ladislaus. "Wanafunzi wa siku hizi—"

"Mipira mitano, mwalimu. Mahali palepale, mshono uleule. Mwanafunzi gani huyo?" Alimgeukia Imrani. "Nani kakutuma? Wenye mipira ya dukani?"

"Sikutumwa na mtu, baba."

"Kwa nini basi?"

Imrani hakuutazama tena mwanya. Aliitazama mikono yake. "Hilo siwezi kusema."

"Huwezi."

"Siwezi, baba. Nisamehe."

"Mtu anachana kazi yangu kwa wembe, halafu anakuja kuniomba binti, na sababu hawezi kusema." Sauti ya mzee haikupanda. "Mwalimu, maliza chai yako umchukue."

Zulfa alisimama. Mama yake alimshika kifundo cha mkono.

"Kaa. Baba yako atapoa. Kijana arudi mwezi ujao."

"Anafukuzwa kwa ajili yangu, mama."

"Anajua. Ndiyo maana kanyamaza. Mwache anyamaze."

Zulfa alivuta pazia.

"Baba, alikuwa anasoma barua zangu," alisema. "Nilikuwa naandika, nashonea ndani. Ile ya Ruangwa niliifunga mimi. Kaka alikuwa ananiachia, hakujua kilichomo. Mishono yote mitano ni yangu."

Mwalimu Ladislaus alirudisha kikombe mezani polepole sana.

"Simu si mnazo?" aliuliza.

"Tunazo, mwalimu."

"Nauliza tu."

Kuna aina ya hasira ambayo mtoto anaijua na anaweza kuisubiri ipite. Zulfa aliisubiri. Haikuja. Baba yake alikaa, akaokota mpira mmoja, akauweka mapajani kama paka.

"Shaban aliondoka hapa mwezi gani?"

"Wa nne, baba."

"Mpira huu uliletwa lini?"

Ulikuwa mpira wa nne. "Mwezi wa tano."

"Na ule?"

"Wa sita."

Zulfa alimtazama Imrani, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane, wote wawili walitazama pembeni kwa wakati mmoja.

"Nilimhukumu mwanangu kwa vidole, macho nikiwa sina," alisema mzee. "Dhambi hiyo ni yangu, nitaibeba. Lakini ninyi macho mlikuwa nayo." Akaita kuelekea uani, "Shaban. Ingia."

Shaban, aliyefika kutoka Chiola asubuhi hiyo, aliingia na mkono wa kulia mfukoni. Alikuwa amekonda, na jua la Chiola lilikuwa limempaka rangi nyingine. Kwa uso wake ilionekana alikuwa dirishani muda wote.

"Shem," alimwambia Imrani. "Kumbe wewe ndiye uliyenipeleka likizo."



"Waonyeshe," alisema baba.

"Baba, tuache kwanza."

"Waonyeshe."

Zulfa alijua kwamba kaka yake alijikata na panga mwezi wa sita, akipogolea mikorosho. Kila alipompigia simu, Shaban alisema kinapona, kinawasha tu, kidonda kinachowasha kinapona. Bandeji ilitolewa hospitali juzi Alhamisi. Sasa mkono ulitoka mfukoni. Kovu lilipita kiganjani kama njia ya siafu, na kidole cha shahada na cha kati vilikuwa vimenyooka.

Zulfa aliweka kidole chake kwenye kiganja kile. "Nishike."

Vidole viwili vya pembeni vilijikunja, na dole gumba. Vile viwili vilibaki vilevile.

"Daktari anasema vimeamua," alisema Shaban. "Vinafaa kuelekeza watu njia. Kushika sindano havitaki."

"Kaka Shaban."

"Usilie. Mwalimu wa watu yupo hapa anakutazama, ataandika kwenye ripoti."

Imrani alikuwa amesimama. "Nisamehe, kaka."

"Ulijua nimeondolewa kitini?"

"Nilijua. Zulfa aliniandikia."

"Kwenye mpira wa ngapi?"

"Wa nne."

"Ukaurudisha, ukasema umefumuka."

"Nikaurudisha."

"Ukapewa wa tano."

Imrani alifuta uso kwa kiganja. "Nilijiambia huu ndio wa mwisho. Kila mara nilijiambia hivyo. Nilitaka kusoma tu."

Shaban akarudisha mkono mfukoni, taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto.

"Mimi sina neno nao, baba," alisema. "Wape ruhusa yao. Nitajifunza kwa kushoto."

"Kwa kulia ulijifunza miaka mitatu."

"Basi kushoto iwe minne. Nina shughuli gani nyingine?"

"Na miaka hiyo minne nani atafunga?" Mzee aliinua mikono yake mwenyewe. Ilitetemeka hewani kidogo, kama inavyotetemeka ya watu wa umri wake. "Macho yamerudi. Hii haikurudi. Hapo nje kuna watu kumi na wawili, na mpira ambao haujafungwa si mpira, ni kofia."

"Nitaomba uhamisho," alisema Imrani haraka. "Nitahamia Nachingwea, baba. Zulfa atakuja hapa kila asubuhi, atafunga, jioni atarudi kwake. Hutapoteza mkono wake hata siku moja."

"Kanuni ya babu unaijua?"

"Naijua. Aliniandikia."

"Alikuandikia mengi," alisema mzee.

Ndipo Bi Mwanawetu alipotoka nyuma ya pazia, jambo la pili siku hiyo ambalo desturi hailitaki.

"Baba Shaban, kanuni hiyo aliiweka mtu," alisema. "Hakuiteremsha malaika. Mtu anaweza kuitoa."

"Anaweza."

"Basi itoe."

Mzee Masoudi alimtazama mkewe kwa macho yake mapya, kisha akamtazama binti yake. Alikuwa mzee aliyechoka ambaye mtoto wake mmoja ameharibika mkono na wa pili anakaribia kuharibikiwa moyo, na Zulfa aliona wazi kwamba yuko tayari kuvunja chochote ili aokoe hata mmoja.

"Nitaitoa," alisema. "Sitasema hapana, nisije nikaitwa mimi niliyewatenganisha. Zulfa, sema mwenyewe. Uolewe, na kiti ukikalie ukiwa mke wa mtu, na kanuni ya babu yako tuizike leo. Niitoe?"

Ilikuwa ndiyo ileile aliyoiota tangu mwezi wa kwanza. Imewekwa mkononi, kubwa kuliko alivyoiomba.

Imrani alimtazama. Macho yake yalisema kila kitu ambacho barua tano zilisema, na zaidi. Mama yake aliitikia kwa kichwa kumhimiza. Hata Shaban alimkonyeza. Kule kukonyeza ndiko kulikommaliza. Laiti angenuna. Laiti angemwita mwizi. Zulfa alijiona miaka kumi ijayo, amekaa kitini na pete kidoleni, na kaka yake anapita mlangoni akitania, kila siku akitania, ili yeye asijisikie vibaya.

"Usiitoe, baba," alisema.

"Zulfa," alisema Imrani.

"Usiitoe."

Mwalimu Ladislaus, ambaye kwa miaka ishirini na sita hakuwahi kukosa la kuongeza, alivaa kofia yake akatoka nje.

Walipewa dakika chache kwenye banda la nyavu, mama akiwa amesimama mbali anahesabu mawingu.

"Nitasubiri," alisema Imrani. "Miaka minne si mingi. Shaban akijifunza kushoto—"

"Hatajifunza. Anasema tu."

"Nitasubiri hata hivyo."

"Usinisubiri."

"Kwa nini unanifanyia hivi? Baba yako ameshakubali. Yeye mwenyewe Shaban amekubali."

"Imrani, barua ya nne uliisoma mara ngapi?"

Imrani aliokota ncha ya wavu, akaikunja.

"Mimi niliiandika nikijua kaka yangu yuko Chiola kwa sababu yetu. Niliandika kwamba nasikitika, halafu mstari unaofuata nikaandika kuhusu kanga uliyoniletea. Na wewe ulisoma, ukapenda ule wa kanga."

"Nilipenda yote."

"Ndiyo. Hata mimi." Alishika wavu, vidole vikaingia matunduni. "Tukikaa nyumba moja, kila nikikuangalia nitakiona kile kiganja. Na wewe ukiniangalia utakiona. Tutapendana, sikatai. Tutapendana tukiwa tumeinamisha vichwa."

"Nimezoea kuinama. Mimi mrefu."

Alicheka, bila kutaka, na kicheko kikageuka njiani kikawa kitu kingine. Imrani alinyoosha mkono, akaurudisha. Nje barabarani pikipiki iliyowaleta ilianza kunguruma. Mshenga alikuwa ameshakaa.

"Niambie unanipenda, basi niondoke."

"Ukisikia hutaondoka."

Imrani akainama kupita chini ya mti wa banda, akaenda. Hakugeuka, au aligeuka baada ya Zulfa kuacha kutazama. Hilo hakulijua kamwe.

Kazi haikusimama siku hiyo. Mchana Zulfa alikwenda karakana, akapita katikati ya washonaji waliojifanya hawajui lolote, akakaa kwenye kiti cha kona. Mpira wa kwanza ulikuwa unangoja kufungwa. Shaban alikuwa amekaa kwenye kigoda kando yake, anapaka uzi nta. Ameushika kwa meno, anauvuta.

"Ameondoka?"

"Ameondoka."

"Alilia?"

"Hakulia."

"Na wewe?"

"Niletee bladda."

"Zulfa, ile pikipiki haijafika hata stendi. Ukipiga simu sasa hivi—"

"Niletee bladda, kaka."

Shaban aliinuka. Rafu ilikuwa hatua tatu. Alirudi na bladda, akamnyooshea, na kwa kuwa alilelewa vizuri na mama yake, alisema kile ambacho mtu mwenye adabu husema anapompa mwenzake kitu kwa mkono wa kushoto, na ambacho kuanzia siku hiyo atakisema kila siku ya maisha yake.

"Samahani kwa mkono."

Zulfa aliipokea, akaanza kufunga.